Kabureta: Mwongozo wa kuichagua na kuitibu katika vumbi la Kitui na Makueni

Katika steji nyingi za bodaboda za Kaunti za Kitui na Makueni, pikipiki inapokataa kuwaka, kifaa cha kwanza kufunguliwa ni kabureta. Ndivyo ilivyo pia kwa Land Rover kuukuu linalobebea maji, kwa pampu ya umwagiliaji kandokando ya Mto Athi, na kwa gari la michezo la Uingereza lililohifadhiwa bandani tangu enzi za wazazi wa mwenyewe.

Mara nyingi kifaa hicho hufunguliwa bila hatia. Chanzo halisi cha hitilafu huwa ni vumbi, petroli chafu au plagi iliyochoka. Kabureta iliyokuwa nzima hurudishwa ikiwa imelegezwa skrubu, imetobolewa kwa waya na kupoteza vipimo vyake.

Hasara yake si ndogo. Mwendeshaji wa bodaboda anayelipa mkopo wa pikipiki hana siku ya kupoteza. Katika vijiji vilivyo mbali na hospitali, pikipiki iyo hiyo ndiyo inayombeba mama mjamzito usiku. Naye mwenye gari la kale hana pa kupata jingine kwa urahisi, kwa kuwa kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane.

Makala haya yanaeleza jinsi kabureta inavyofanya kazi, jinsi ya kuchagua inayofaa, na utaratibu wa kutafuta hitilafu kabla ya kushika bisibisi.

KAZI YA KABURETA

Kabureta ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia katika injini. Ili petroli iungue kikamilifu, gramu moja yake huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, mchanganyiko husemwa kuwa mzito. Ikipungua, husemwa kuwa mwepesi.

Injini inapovuta pumzi, hewa hupita katika koo jembamba la kabureta. Hapo mwendo wake huongezeka na kani yake hupungua, na petroli hufyonzwa kutoka katika bakuli kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Ndani ya bakuli mna boya. Petroli inapojaa, boya hupanda na kufunga vali ndogo ya sindano; inapopungua, boya hushuka na vali kufunguka.

Kanuni hiyo ni moja kwa pikipiki ya bei nafuu na kwa gari la kifahari. Kinachotofautiana ni namna kila mtengenezaji alivyotatua tatizo moja: jinsi ya kulisha injini ipasavyo inapozunguka polepole na inapokimbia kwa nguvu zote.

AINA KUU NNE

Ya kwanza ni kabureta ya koo lisilobadilika, yenye kipepeo cha kufungua na kufunga njia ya hewa. Solex na Zenith zilizofungwa katika Land Rover za petroli za zamani ni za jamii hii. Ni imara, husahau makosa, na fundi wa kawaida huzielewa haraka. Weber kutoka Bologna, Italia, ni za jamii hiyo pia, ila zile za mashindano huwa na makoo mawili na jeti nyingi zinazoweza kubadilishwa.

Ya pili ni SU ya Uingereza, iliyotokana na ubunifu wa George Herbert Skinner, ambaye kampuni yake iliundwa mwaka wa 1910 na kununuliwa na William Morris mwaka wa 1926. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka kulingana na mvuto wa injini, huku sindano iliyochongoka ikiongeza au kupunguza petroli katika jeti moja tu. Koo lake kwa hivyo hupanuka na kusinyaa lenyewe. MG, Jaguar, Austin-Healey na Mini zilijulikana kwa kabureta hii.

Ya tatu ni Zenith-Stromberg, iliyofungwa katika baadhi ya magari ya Triumph. Hufanya kazi kama SU, lakini pistoni yake huinuliwa kwa kiwambo cha mpira. Mpira huo ukipasuka, gari huwaka na kusimama vizuri lakini hukosa nguvu barabarani.

Ya nne ni ile ya pikipiki nyingi za bodaboda. Kebo ya mkononi huivuta pistoni moja kwa moja, na sindano iliyoning’inia katika pistoni hiyo hupima petroli. Anayeifahamu SU ataitambua mara moja, kwani hizi mbili ni kama watu wa ukoo mmoja.

UKAMBANI NA MAGARI YA MASHINDANO

Eneo hili si geni kwa kabureta za mashindano. Mbio za Safari zilianza mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi madereva walioshuka kutoka Nairobi kuelekea Mombasa walivuka nyanda za Ukambani.

Mwaka wa 1971 na 1973, Datsun 240Z ilishinda mbio hizo. Gari hilo la Japani, kama lilivyouzwa kwa umma, lilikuwa na kabureta mbili za Hitachi zilizoundwa kwa kufuata kanuni ya SU. Mwaka wa 1972, Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda wakiwa katika Ford Escort RS1600 kutoka Uingereza.

Funzo lililoachwa na mbio hizo ni kwamba gari lenye nguvu nyingi zaidi silo lililofika. Lililofika ni lile lililozuia vumbi lisiingie katika injini na ambalo hitilafu yake ilirekebishika kando ya barabara. Funzo hilo linamfaa pia anayekwenda kununua kabureta leo.

KUCHAGUA KABURETA

Kosa kubwa la wanunuzi ni kudhani kwamba kabureta kubwa huleta nguvu. Koo likiwa pana kupita mahitaji ya injini, hewa hupita kwa mwendo hafifu, petroli haitawanyiki vyema, na injini hukohoa kila inapoongezewa mafuta. Nguvu kidogo inayopatikana kwenye mwendo wa juu kabisa haina kazi katika barabara ya changarawe ya kutoka Ikutha hadi Mutha.

Watengenezaji walilijua hilo. MG Midget ya injini ya sentimita 1,275 za ujazo ilikuwa na SU mbili za inchi 1.25. MGB, yenye sentimita 1,798, ilikuwa na mbili za inchi 1.5. Jaguar E-Type ya silinda sita ilibeba tatu za inchi 2. Kila moja ilipimiwa injini yake.

Kwa mwenye gari la kale la Uingereza, uamuzi wa busara kwa kawaida ni kukarabati SU zilizokuja na gari badala ya kuweka Weber. Weber hufaa injini iliyobadilishwa sehemu nyingine pia, na huhitaji fundi mwenye akiba ya jeti za saizi mbalimbali. SU huhitaji sindano sahihi, jeti nzima na mhimili wa kipepeo usiocheza.

Mhimili huo ndio wa kuchunguzwa kwanza mtu anaponunua SU iliyotumika. Ukishikwa kwa vidole na kutikisika juu na chini, hewa hupenya pembeni mwake. Hakuna skrubu itakayotibu hali hiyo. Lazima mhimili na vishikizo vyake vibadilishwe.

Kwa bodaboda, kabureta mpya iwe na upana wa koo ule ule wa ya awali. Pikipiki ya sentimita 125 haitapata faida kwa kuvishwa kabureta ya 150. Mnunuzi abebe ile ya zamani hadi dukani, alinganishe namba iliyochapwa ubavuni, nafasi ya matundu ya kufungia, na upande wa choki.

Spea bandia hujitambulisha kwa dalili kadhaa: uso uliojaa vijishimo, pistoni inayokwama inaposukumwa kwa kidole, na skrubu za jeti zilizo laini kiasi cha kuharibika kwa mzunguko wa kwanza. Mara nyingi seti ya gasketi, vali ya sindano na jeti hutosha kuifufua kabureta halisi, na hudumu kuliko kabureta mpya ya bandia.

KABLA YA KUFUNGUA

Kuna mambo matano ya kukaguliwa kabla ya kuigusa kabureta, na yote hayahitaji zaidi ya dakika 15.

Kwanza, kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha kupitishia hewa. Vumbi likikiziba, petroli hukosa kushuka: injini huwaka, huenda kilomita chache, kisha huzima. Ikiwa kufungua kifuniko hurejesha uhai, ugonjwa umepatikana.

Pili, chujio la hewa. Likiziba, mchanganyiko huwa mzito na moshi mweusi hutoka.

Tatu, plagi. Rangi ya kahawia isiyokolea huonyesha afya. Masizi meusi makavu ni dalili ya mchanganyiko mzito. Weupe ni dalili ya mchanganyiko mwepesi na joto la kupindukia. Plagi iliyolowa petroli huashiria kwamba moto haupo au petroli imefurika.

Nne, umeme. Katika magari ya kale, pointi za distributa zilizochakaa huleta mshtuko unaofanana kabisa na wa kabureta chafu. Mafundi wengi wamesafisha kabureta mara tatu kabla ya kugundua kwamba kosa lilikuwa la pointi.

Tano, petroli yenyewe. Skrubu iliyo chini ya bakuli ifunguliwe na petroli ikingwe katika chupa safi ya kioo. Maji hukaa chini yakiwa yamejitenga. Petroli inayouzwa kwa chupa na mitungi vijijini huwa katika hatari kubwa ya kuingia maji na mchanga.

Uchanganyaji wa petroli na mafuta taa nao umekuwa tatizo la miaka mingi, hata serikali ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018 ili kuondoa tofauti ya bei iliyowavutia walaghai. Petroli iliyochanganywa hivyo hufanya injini kugonga inapopanda mlima, kuwaka kwa shida asubuhi na kujaza masizi. Kusafisha kabureta hakutasaidia. Dawa ni kumwaga petroli hiyo na kubadilisha mahali pa kununua.

DALILI NA TIBA

Iwapo mambo hayo matano yako sawa, ndipo kabureta ishukiwe. Dalili zake husomeka kama ifuatavyo.

Injini inawaka kwa choki pekee na kuzima choki inaporudishwa: jeti ndogo ya mwendo wa polepole imeziba, au hewa inaingia mahali pasipofaa.

Injini inatulia vizuri inaposimama lakini inakosa nguvu mlimani: jeti kubwa imeziba kwa sehemu, au petroli haishuki kwa wingi unaotakiwa. Katika Stromberg, kiwambo kichunguzwe kwanza.

Petroli inadondoka kutoka katika kabureta: vali ya sindano imeshikwa na uchafu au imechakaa, ama boya limetoboka. Boya la plastiki au shaba likitikiswa na kusikika petroli ndani, halifai tena.

Injini inakimbia yenyewe bila kuongezewa mafuta: kebo imekwama, au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka. Kumwagia matone ya maji kwenye kiungo hicho injini ikiwaka hufichua ufa, kwani mlio hubadilika papo hapo. Kinachotakiwa ni mpira mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni pistoni iliyoyeyuka kwa joto la mchanganyiko mwepesi.

Injini inazima katika joto la mchana na kuwaka tena baada ya nusu saa: petroli imechemka ndani ya bomba. Hali hii huyapata zaidi magari ya kale katika nyanda za chini za Kibwezi na Mtito Andei. Bomba la petroli lisogezwe mbali na bomba la moshi, na ngao ya kuzuia joto, ambayo mara nyingi hutupwa na mafundi, irudishwe mahali pake.

Jeti iliyoziba isafishwe kwa hewa ya kushindiliwa, au kwa uzi mmoja wa nailoni. Waya wa chuma hupanua tundu, na jeti iliyopanuka hula petroli maisha yake yote. Mmiliki huona pikipiki ikienda vizuri kwa wiki moja, kisha hushangaa mapato yake yakiishia kituoni.

KUREKEBISHA MCHANGANYIKO

Marekebisho hufanywa injini ikiwa imepata moto, chujio la hewa likiwa safi na mahali pake.

Katika kabureta ya pikipiki, skrubu ya mchanganyiko iliyo upande wa chujio hupima hewa, hivyo kuifungua huleta wepesi. Iliyo upande wa injini kwa kawaida hupima petroli, hivyo kuifungua huleta uzito. Kutojua tofauti hiyo huwafanya wengi kurekebisha kinyume. Pa kuanzia ni kuifunga polepole hadi mwisho bila kuikaza, kisha kuifungua mzunguko mmoja na nusu, na kuendelea kidogo kidogo hadi injini izunguke kwa utulivu.

Katika SU nyingi, kokwa iliyo chini ya jeti hushushwa ili kuongeza petroli na kupandishwa ili kuipunguza. Ili kupima, pistoni huinuliwa kwa takriban milimita moja injini ikizunguka polepole. Mwendo ukipanda na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito. Ukishuka na injini kutaka kuzima, ni mwepesi. Ukipanda kidogo kisha kurejea, ni sawa.

Kabla ya hapo, pistoni iinuliwe kabisa na kuachiliwa. Inapaswa kushuka bila kusita na kutoa mlio wa chuma kugonga chuma. Ikisita, chumba chake kisafishwe kwa kitambaa, kamwe kisisuguliwe kwa msasa. Oili kidogo iwekwe katika mrija wa juu. Ikikauka, gari hukohoa kila linapoongezewa mafuta kwa ghafla.

Gari lenye kabureta mbili lihakikishwe kwamba zote zinavuta hewa sawa. Kipande cha mpira wa maji kikiwekwa sikioni na ncha ya pili kwenye mdomo wa kila kabureta, tofauti ya mvumo husikika waziwazi. Ulinganishaji wa hewa hufanywa kwanza, wa petroli baadaye.

MWINUKO NA VUMBI

Kadiri mahali panavyoinuka, hewa huwa nyepesi. Mita 1,000 juu ya bahari, hewa huwa imepungua uzito kwa takriban asilimia tisa. Gari lililopimiwa Mombasa litakuwa na mchanganyiko mzito kidogo likifika mji wa Kitui, na lililopimiwa Nairobi litakuwa na mwepesi kidogo likishuka Mtito Andei. Hata hivyo, tofauti hiyo haitoshi kuzima injini nzima. Anayelaumu mwinuko kwa gari lisilowaka ametafuta mshukiwa asiye na kosa.

Vumbi ndilo adui wa kweli. Udongo mwekundu wa maeneo haya hubeba chembe za mchanga zinazosaga silinda na ringi kama msasa. Barabara ya lami ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo imepunguza adha hiyo, lakini njia nyingi za vijijini bado ni za udongo, na kati ya Juni na Oktoba vumbi huning’inia hewani siku nzima.

Chujio la karatasi hupigwapigwa na kubadilishwa, halioshwi. La sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. Wako wanaoondoa chujio ili pikipiki ipumue, na wenye magari ya michezo wanaopenda midomo mitupu ya kabureta ing’ae kama kwenye picha. Katika uwanja wa lami wa Uingereza hilo linavumilika. Katika vumbi la Makueni, ni kuipeleka injini kaburini.

USALAMA NA KUMBUKUMBU

Kazi ya kabureta ifanywe mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi ukutane na moto. Kunyonya petroli kwa mdomo kutoka tangini ni hatari kubwa, kwani tone likiingia mapafuni linaweza kuua.

Gari la kale linalokaa muda mrefu bila kuendeshwa limwagwe petroli kutoka bakulini, la sivyo petroli hukauka na kuacha utomvu unaoziba jeti.

Nchini India, kanuni za hewa safi zilizoanza Aprili 1, 2020 ziliwalazimisha watengenezaji kuacha kabureta karibu kabisa. Pikipiki nyingi zilizoko Afrika Mashariki bado zinaitumia, na zitaendelea kuhitaji mikono inayoielewa kwa miaka mingi ijayo.

Fundi mwangalifu hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, hukijaribu, kisha huandika alichofanya: skrubu ilikuwa mizunguko mingapi, jeti ilikuwa namba gani. Mwenye chombo na aombe kumbukumbu hiyo na kuihifadhi. Siku hitilafu itakaporudi, hasa usiku mbali na mji, karatasi hiyo itamwonyesha yeyote atakayesaidia mahali pa kuanzia.